Rudisha Harudishi

Mbwa wetu anaitwa Rudisha. Jina alipewa na mwanangu wa mwisho, ambaye usiku mmoja alikuwa ametazama kwenye simu zile mbio za mita 800 za Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012, David Rudisha wa Kenya akimaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kama mtu anayewahi basi la mwisho la Segera. Kile kitoto cha mbwa tulichopewa juma lile kilikuwa na miguu mirefu na haraka isiyo na safari. Jina likamkaa. Hakuna aliyekumbuka kwamba ukilitamka kwa sauti mbele ya Waswahili, jina hilo ni amri.

Sasa piga picha. Jua limeelemea upande wa Korogwe, watu wako vibarazani na kahawa zao, na mwalimu mstaafu kasimama nyuma ya nyumba anapaza sauti: "Rudisha! We Rudisha! Nasema rudisha!" Mbwa yuko mbali, kitu kiko mdomoni, anamtazama mwalimu kama anavyotazamwa mhubiri wa kwenye basi. Harudishi. Lakini kwenye vibaraza watu wawili watatu wanainuka polepole na kuingia ndani, maana mtaani kwetu hakuna nyumba isiyo na kitu cha nyumba nyingine. Nilichukua muda mrefu kulitambua hilo. Wakati huo shida yangu ilikuwa moja tu: nimrushie mbwa kitu gani kisichomuua?

Nimefundisha stadi za kazi katika shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, na mtu wa kazi hiyo hustaafu na ugonjwa mmoja: haamini kwamba duniani kuna kitu cha kununua. Kila kitu kinatengenezeka. Mke wangu ana kiti, kabati na kinu cha karanga vilivyotengenezwa kwa imani hiyo, na hakikaliki, halifungiki na hakisagi.

Hale yenyewe, huku kwetu, ni mahali pa kutengeneza vitu. Chini yetu Mto Pangani umezuiwa kwa bwawa, na tangu mwaka 1964 maji yake yanazungusha mitambo ya umeme iliyofukiwa chini ya ardhi, megawati 21. Pembeni kuna mkonge, mistari kwa mistari. Mtu akikulia hapa anaamini kwamba maji na majani vinaweza kuwa kitu chochote. Kitu kimoja tu nilijiwekea mwiko: mtoni simrushii mbwa chochote. Pangani ina mamba, na wao pia wanajua kudaka.

Nilianza na kijiti, kama anavyoanza kila mtu. Nikachukua kipande cha mlingoti, ule mti mrefu unaochomoka katikati ya mkonge ukishazeeka, ukachanua mara moja, mmea ukafa. Mlingoti ukikauka ni mwepesi, na hewani unakwenda vizuri mno. Nilirusha, nikasimama kuufurahia unavyozunguka. Rudisha akatoka mbio. Mlingoti ukatua, ncha moja ikachoma udongo, ncha nyingine ikasimama inamngoja. Mbwa wa mita 800 hana breki. Nikasikia kilio ambacho sijakisikia tangu nilipokuwa nagawa matokeo ya darasa la saba.

Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake. Swali la kwanza halikuwa la mdomo.

"Amechanjwa?"

"Amechanjwa, na kadi ipo."

"Afadhali." Ndipo akamfungua kinywa, akamulika kwa simu. Mchubuko kwenye kaakaa, kibanzi kimoja karibu na koo. Akakitoa kwa koleo. Akanieleza kwamba madaktari wa mifugo kote duniani wanazijua ajali za vijiti: kijiti hakimfuati mbwa, mbwa ndiye anayejichoma kwacho kwa kasi yake mwenyewe, na vibanzi vikizama kooni hufanya usaha baada ya siku nyingi, mwenye mbwa akiwa ameshasahau. Kisha akakaa kwenye kile kiti changu, akainuka haraka, akauliza akiwa amesimama:

"Mwalimu, ukirusha kitu unaangalia nini?"

"Naangalia kinavyoruka."

"Basi kosa liko hapo. Kuruka ni kwako. Kutua ni kwa mbwa."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, nikapiga mstari kwa wino mwekundu. Halafu nikafanya kama walivyofanya wanafunzi wangu wote kwa mambo niliyowapigia mstari.

Msimu wa machungwa ulikuwa umefika. Chungwa la Muheza ni la mviringo, halina ncha, halina vibanzi, na wakati wa mavuno linauzwa kwa bei ya huruma. Nilimrushia Rudisha chungwa, likaingia kwenye majani, akalipita. Nikarusha la pili, akalipita pia, akaenda kuninusia kichaka. La tatu nililitafuta mimi mwenyewe nikalikosa, maana machungwa yetu huiva yakiwa bado na kijani chake, na kijani juu ya kijani kimemshinda hata mwenye miwani.

Mwanangu akaingia kwenye simu, akarudi na habari iliyonifanya niketi. Mwaka 1989 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, mtafiti Jay Neitz na wenzake waliwapima mbwa watatu rangi wanazoziona. Wakakuta jicho la mbwa lina aina mbili za chembe za kupokea rangi, sisi tunazo tatu. Bluu anaiona, njano anaiona. Nyekundu, rangi ya chungwa na kijani kwake ni ndugu wa tumbo moja, zote zimefifia kuelekea njano chafu. Yaani hata ningelipata lile chungwa la kwenye picha za vitabu, lenye kung'aa, nikalirusha juu ya majani mabichi, ningekuwa natupa njano chafu ndani ya njano chafu na kumlaumu mbwa kwa uzembe. Miaka yote nimeona vichezeo vyekundu madukani Tanga, nikadhani wekundu ni kwa ajili ya mbwa. Kumbe ni kwa ajili ya mwenye pochi.

Chungwa la nne alilipata kwa kunusa. Alilila lote na ganda lake. Usiku ule sitausimulia, ila zulia lilitolewa nje.

Nilifikiria mpira wa chandimu. Enzi zetu mtoto alikusanya mifuko ya rambo, akaifunga kwa kamba, ukapatikana mpira unaodunda. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini, na hata ningeipata, mbwa hachezi mpira kwa mguu, anaucheza kwa meno, na rambo lililomezwa hulala tumboni kama mpangaji asiyelipa. Matambara nayo yalidumu nusu saa. Soksi ya mwanangu iliyoyashikilia mpaka leo haijapatikana, na sina hamu ya kujua ilipokwenda.

Hapo ndipo nilipoinua macho nikaona nilichokuwa nakanyaga siku zote. Mkonge!

Nisikilizeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka miche hiyo 62 likatoka pori lote hili la Korogwe, Muheza na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna nchi iliyotupita. Baadaye kamba za plastiki zikatushusha. Lakini mkonge haukufa. Kule Ulaya kuna watu wananunua nguzo zilizoviringishiwa kamba ya mkonge ili paka wao wanoe kucha. Nikajiambia: kama paka wa London anastareheshwa kwa mkonge, mbwa wa Hale ambaye mkonge ni wa kwao atakosaje?

Nilisuka mpira wa kamba ya mkonge kwa fundo la mabaharia, mzito, mzuri, nikaupiga picha. Siku mbili Rudisha aliubeba kila aendako. Sikujua kwamba hakuwa anaucheza. Alikuwa anaufumua. Uzi mmoja mmoja, kwa subira ambayo darasani nimeiona kwa watoto wawili tu, aliuchomoa na kuumeza.

Siku ya tatu walikuja wageni. Na si wageni tu, washenga. Wazee wanne wa heshima, kofia zimenyooka, wamekuja kuzungumzia binti yangu. Mkeka umetandikwa, kahawa imemiminwa, mshenga mkuu ameanza ile habari ya kwamba wameona ua katika bustani yetu. Rudisha akakatiza baraza. Hakuwa na haraka. Nyuma yake, pale panapotokea mambo yasiyozungumzwa mbele ya washenga, uzi wa mkonge ulikuwa umening'inia, urefu wa shubiri moja, unapepea.

Hakuna aliyesema neno. Macho manane ya wazee yaliufuata uzi kutoka mlango hadi mlango. Mimi nikainuka kwa nia ya kumkimbilia mbwa na kuuvuta nimalize aibu. Mke wangu akanishika kanzu. "Baba, usiguse. Piga simu kwanza." Bwana mifugo alipopokea hata salamu hakunijibu: "Usivute! Unanisikia? Usivute!" Akaeleza, na simu yangu husikika hata ikiwa haina spika: uzi ukiwa mrefu, ncha moja hunasa ndani na nyingine inateremka, basi utumbo unajikusanya juu ya uzi kama bukta unapovuta kamba yake, na uzi unaukata kama msumeno. Uzi humhatarisha mbwa kuliko jiwe. Tumwangalie kama anatapika, kama anakataa kula, kama tumbo ni gumu. Akasema anakuja.

Mshenga mkuu aliweka kikombe chini. "Tumeridhika," akasema. "Nyumba ambayo hata mbwa wake anatoa nyuzi, binti hawezi kukosa nguo."

Rudisha alipona, na binti yangu akaolewa. Lakini kwa mahari ile sijui kama uzi haukutupunguzia kitu.

Nikatangaza kusitisha ubunifu wote. Mbwa asiye na kichezeo, hata hivyo, hakai bila kazi, anajitafutia. Trekta hupita nyuma ya mtaa likipeleka mkonge uliokatwa kwenye korona, ambayo kwetu ni mtambo wa kukamua singa kutoka kwenye jani. Mwaka 2020 redio ilipotangaza watu wakae mbali na korona, kuna mzee wa mashambani aliyeuliza kwa huzuni sasa watakula nini, maana korona ndiyo ajira yenyewe. Basi, jani moja likadondoka kutoka kwenye trela la trekta hilo. Rudisha akalifikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuambiwa alete, akaleta. Alilala nalo katikati ya njia, akalitafuna kwa furaha.

Jani la mkonge ni maji na nyama, singa haifiki hata sehemu tano kwa mia. Na katika yale maji mna saponini, kitu kinachotoa povu kama sabuni. Wakata mkonge wanajua pia jinsi utomvu huo unavyowasha ukikugusa shingoni. Mimi nilijua habari ya kuwasha. Habari ya povu niliijulia pale, pamoja na mtaa mzima, Rudisha alipoinua kichwa mate yakichuruzika, kinywa cheupe kama cha mtu anayenyolewa ndevu, macho mekundu kwa muwasho, akatikisa kichwa, akaanza kuja kwetu.

"Kichaaa!"

Sitaki kutia chumvi, lakini mwembe wetu ulizaa watoto saba kwa dakika moja. Bodaboda aliyekuwa anamshusha abiria aliondoka naye tena. Jirani yangu Shehe, mzee mpole ambaye hutembea kwa fimbo, aliruka kizingiti fimbo ikabaki nje, na tukasikia komeo likipigwa mara tatu. Mtu wa kahawa akapanda juu ya benchi na birika lake. Mimi nilibaki peke yangu barabarani, nimekamata ufagio, nawaza yale bwana mifugo aliyokwisha kutufundisha: kwamba kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu dawa hakina, kwamba ukiumwa uoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha ukimbilie hospitali ukachomwe chanjo, usingoje. Nikatazama ufagio. Nikatazama bomba la maji liko umbali gani.

Bwana mifugo alifika, akasimama mbali, akaomba kadi ya chanjo. Akaisoma tarehe. Akamtazama mbwa anavyotembea, akaliona jani, akaliokota kwa glavu, akanusa. Kisha akawageukia watu wa mwembeni.

"Teremkeni. Huyu hana kichaa. Amepiga mswaki."

Tulimsuuza kinywa kwa maji mengi, na watoto waliteremka mmoja mmoja. Shehe hakufungua mlango mpaka magharibi.

Ningeacha hapo. Lakini mwanangu mkubwa akaja kutoka Dar es Salaam na mpira wa tenisi, wenye bluu na njano, rangi za jicho la mbwa! Bwana mifugo alikuna kichwa. Yale manyoya yake, akasema, yakishika mchanga yanakuwa msasa, na mbwa anayeutafuna kila siku anajipiga msasa meno. Tena kwa mbwa mkubwa mpira huo unaweza kuzama kooni ukaziba. Kwa Rudisha unatosha kurushwa, si kuachiwa autafune. Nikakubali. Tatizo lilibaki bega langu, ambalo limeandika ubaoni miaka mingi na halitaki tena kurusha. Nikachonga panda kubwa ya mpera, nikafunga tyubu ya baiskeli: manati ya mpira wa tenisi.

Ilikuwa Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi. Sikufikiria saa. Niliangalia, Mungu anisamehe, jinsi utakavyoruka. Uliruka. Ulipita juu ya mpapai, juu ya choo, juu ya kamba ya nguo, ukatua kwenye bati la Shehe kwa mshindo mmoja: paaa! Zamani katika miji ya pwani mzinga ulipigwa kuwajulisha watu kwamba wakati wa kufuturu umeingia. Nyumba ya tatu kutoka kwa Shehe kuna mzee ambaye mzinga huo anaukumbuka vizuri. Tende ilikuwa imeshafika kooni adhana ilipoanza, dakika tatu baadaye. Siku ile ameilipa baada ya Idi, na nasikia kila alipokuwa akihisi njaa alilitaja jina langu na la baba yangu.

Mpira ulinasa kwenye mkunjo wa bati. Nikaenda kubisha hodi kwa Shehe kuomba radhi, na papo hapo kuomba ngazi yake, ili nipande kwenye paa lake, nikatoe mpira wa mbwa wangu. Alinitazama muda mrefu. Dini yake inamtaka aoshe mara saba, moja kwa udongo, chombo kilicholambwa na mbwa. Sasa mate ya Rudisha yalikuwa juu ya kichwa chake, yakingoja mvua iyateremshe kwenye pipa la maji. Ngazi akanipa bila neno. Nikapanda, nikateremka na mpira, nikalisugua bati lake kwa maji na udongo, na ngazi nikaenda nayo nyumbani kwa muda, maana nani ajuaye mpira wa pili utatua wapi.

Ni mwanangu yule mdogo aliyenitoa kwenye giza. Alinisomea habari za Joe Markham, Mmarekani wa Colorado, aliyekuwa na mbwa wa polisi aliyestaafu, jina lake Fritz, aliyekuwa akitafuna mawe mpaka meno yanalika. Katika miaka ya 1970 Markham alikuwa akitengeneza basi dogo la Volkswagen, mbwa akimsumbua kwa mawe yake, naye akawa anamtupia vipuri. Fritz akakipenda kimoja, kipande cha mpira cha kwenye mfumo wa springi. Kikawa hakivunji meno, hakikatiki, na kikidunda hakijulikani kitaelekea wapi. Rafiki yake akasema kinafanana na kizibo cha sikio la King Kong, na kutoka hapo kikazaliwa kichezeo cha KONG ambacho sasa kinauzwa dunia nzima.

Nilimsikiliza kama nasomewa wasifu wangu. Mstaafu, mbwa mharibifu, vipuri! Asubuhi nilikuwa Segera kwa fundi wa magari.

"Fundi, shikamoo za vijana nimepokea. Nataka bushi za lori, za mpira mtupu, zisizo na chuma ndani."

"Mwalimu umenunua lori?"

"Nina mbwa."

Alinitafutia bila kuuliza zaidi. Mafundi wa Segera wamekutana na wasafiri wa kila aina.

Safari hii daftari nililitii. Kwanza niliangalia kitakavyotua, kisha kitakavyotafunwa, kisha kitakavyomezwa, na kuruka nikakuweka mwisho. Vipande vya tairi nilivikataa ingawa katambuga zake ni imara, kwa sababu ndani mna nyaya na nyuzi, na mimi na nyuzi tumeshaachana. Bushi nilizikandamiza kwa ukucha wa dole gumba: iliyokubali kubonyea kidogo nikaichukua, iliyokuwa ngumu kama jiwe nikaiacha, maana kinachoushinda ukucha kitalishinda jino. Nilipima kinywa cha Rudisha kwa kamba, nikachagua bushi ambayo haiwezi kupita nyuma ya magego hata akiimeza kwa hasira. Nilihakikisha tundu limetokea pande zote mbili. Mwaka 2008 huko Marekani mpira mmoja wa mbwa uliondolewa madukani kwa sababu ulikuwa na tundu moja: mbwa akauma, hewa ikatoka, ulimi ukanyonywa ndani na kunasa, na daktari akalazimika kuukata. Matundu mawili, hewa ina pa kuingilia. Niliichemsha kwa sabuni mara tatu ikaacha kunuka grisi, kwenye sufuria ambayo mke wangu haijui.

Kingo zilikuwa kali, zilihitaji tupa. Tupa yangu nilikuwa nimemwazima jirani wa kushoto tangu mwaka juzi. Nikasugua kwa jiwe siku mbili.

Rangi ilinishinda. Bushi ni nyeusi, na rangi ya mafuta ingeishia tumboni. Basi badala ya kubadili kichezeo nikabadili kiwanja: tukatoka kwenye majani, tukahamia kwenye uwanja wa udongo mweupe nyuma ya nyumba, ambapo weusi unaonekana hata na mimi. Tena sirushi. Nabingirisha. Hakuna kuruka juu na kuanguka kwa mgongo, hakuna ncha inayomngoja, hakuna bati la mtu. Baada ya uvumbuzi wa miezi mingi, mwalimu wa stadi za kazi alikuwa amegundua kubingirisha.

Jioni ya kwanza bushi ilidunda kushoto, ikadunda kulia, Rudisha akaifuata kama yuko London. Akaikamata. Akaenda nayo mwisho wa uwanja, akaketi.

"Rudisha!" nikaita. "Rudisha bwana! Mwaka mzima nakwambia rudisha!"

Hodi ikapigwa mlango wa mbele. Alikuwa jirani wa kushoto, ameshika kitu kwenye gazeti, macho chini.

"Mwalimu, haya ni mambo ya kuelezana. Si mpaka unitangaze mtaa mzima kila jioni." Akanikabidhi tupa yangu. Kabla sijamweleza habari ya mbwa alikuwa ameshaondoka. Asubuhi nilikuta mlangoni beseni la mke wangu lililopotea kwenye msiba wa mwaka jana, msumeno, na mwavuli ambao si wetu kabisa. Mtu mmoja, nadhani, alikuwa amerudisha kwa tahadhari tu.

Mke wangu aliyapanga ukutani, akayatazama, akanitazama mimi. Halafu akatazama ile ngazi.

Niliibeba begani kwenda kwa Shehe, Rudisha akinifuata na bushi yake mdomoni. Shehe alifungua nusu ya mlango. Nikaiegemeza ngazi ukutani kwake, nikaanza kutafuta maneno. Kabla sijayapata, mbwa ambaye hajawahi kurudisha kitu kwa mtu yeyote alipita kando yangu, akaiweka bushi kwenye kizingiti, mbele kabisa ya ndala za Shehe, akarudi nyuma hatua mbili, akaketi, mkia ukifagia.

Shehe aliitazama bushi imeloa mate. Akakusanya kanzu yake kwa vidole viwili.

"Mwalimu," akasema, "wewe deni lako nimelipokea. Huyu mwambie langu nimemsamehe."